Mimi Ndiye Niliyejibu Mlangoni

Hata leo mtu akipiga hodi, kabla sijajua ni nani huwa nimeshajua ametoka wapi. Wajukuu zangu wanaliona jambo hilo mchezo mtamu. "Bibi, na huyu je?" Nami nataja: huyu ni wa Kisii, huyu ni Mluhya aliyekulia kwa Wanandi, huyu anajitia Mwingereza na kwao hata chai ya maziwa ni ya sikukuu. Sikosei mara nyingi. Wao wanacheka, na mimi nawaacha wacheke. Hawajui kwamba sikio hili sikuzaliwa nalo. Nilitiwa na woga, nikiwa msichana mdogo wa Bondeni, Nakuru, miaka ile ya hali ya hatari.

Baba alikuwa fundi wa cherehani. Alitoka Pwani akiwa kijana, akaifuata reli mpaka ilipomchosha, akaweka cherehani yake kwenye baraza ya duka la Mhindi na hakuhama tena. Mama alizaliwa upande wa Njoro, kwenye shamba la mzungu, wazazi wake wakiwa Wakikuyu waliolima ngano na kuchuma pareto ya mwenye shamba. Alikuwa akija mjini kuuza kabichi. Siku moja akampelekea baba gauni lililochanika, na baba, kwa maneno yake mwenyewe, alilishona kwa siku nyingi sana gauni ambalo lingemchukua dakika chache. Mama akasilimu, akafundishwa kuswali, akavaa buibui. Ukimwona njiani huwezi kumtofautisha na wake wengine wa Bondeni.

Mpaka afungue mdomo. Ulimi wa mama ulibaki Njoro. Kwake "lala" ilikuwa "rara", "duka" ilikuwa "nduka", na baba, badala ya "bwana", alikuwa "mbwana". Baba alimtania kila siku ya Mungu. Alisema mkewe alikuja na mizigo yake yote ila herufi moja, aliyoisahau shambani. Mama alikuwa akimrushia kitambaa, na wote wawili wanacheka, na mimi nacheka kwa sababu wao wanacheka. Nakumbuka nyumba yetu ilivyokuwa nyepesi siku hizo. Nimejaribu sana kukumbuka siku hasa kicheko kile kilipokoma, na siwezi. Naona kilipungua tu, kama sukari kwenye kopo.

Kilichotokea nje ya nyumba kila mtu wa rika langu anakijua. Watu walikuwa msituni, watu walikuwa wakila kiapo, wazungu wa mashamba walikuwa wakilala na bunduki, na serikali ikaamua kwamba Wakikuyu wote wa Bonde la Ufa waondolewe, warudishwe rizavu, ile ardhi waliyotengewa. Warudishwe! Babu na nyanya yangu hawakuwahi kuishi huko. Walizaliana na kuzeekea palepale Njoro. Lori likaja shambani asubuhi, wakapakiwa na vyungu vyao, kuku wakaachwa wakizurura.

Dada yake mama, aliyekuwa na mtoto mchanga, hakufika hata rizavu. Alikwama katika kambi iliyozungushiwa seng'enge nje ya mji, ambako watu waliwekwa wakingoja kuhojiwa. Mama alikwenda mara moja akamwona kupitia kwenye waya. Mtoto alikuwa akiharisha. Baada ya siku chache habari zikaja kwamba mtoto amekufa, na kwamba hakuwa wa kwanza wiki ile. Mama alikaa jikoni akiwa amejifunika leso kichwani, na baba akanitoa nje nisimwone. Tangu hapo kila nilipoona lori nilikuwa nakimbia nyumbani kuhakikisha mama yumo. Nilikuwa naingia nikihema, namgusa mkono, kisha natoka tena.

Kikikuyu hakikusemwa tena nyumbani kwetu. Zamani mama alikuwa akiniimbia kwa lugha hiyo nikiwa mgongoni, hivyo ndivyo nilivyoambiwa, lakini sikuwahi kujifunza, maana baba alitaka nyumba iwe na lugha moja. Sasa mama alikifuta kabisa. Hata akijikwaa kidole kwenye kizingiti alijikwaa kwa Bismillahi.

Askari walipokuja msakoni, baba ndiye aliyekwenda mlangoni. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza nguvu ya kusema vizuri. Baba hakuwa na kitu. Kanzu yake ilikuwa na viraka na kofia imekwisha rangi. Lakini alikuwa akifungua mlango na kuanza: hujambo mwanangu, karibu, waonaje baridi ya huku, watu wa kwenu hawajambo? Kiswahili kilimtoka taratibu, kimekamilika, na yule askari aliyekuja na kirungu anaanza kujikunja. Wengi wao walikuwa watu wa bara, Kiswahili chao ni cha amri na matusi ya kambini. Mbele ya baba walijiona hawajanawa uso. Walisema, "Hawa ni Waswahili, twende," wakaondoka bila kuuliza ni nani anayekohoa nyuma ya pazia.

Fikiria hilo vizuri. Hawakumtafuta mtu aliyekula kiapo. Hawakuangalia chini ya kitanda. Walisikiliza tu mdomo wa mwenye nyumba, wakaamua kwamba mdomo kama ule haulali na maadui. Kama baba angekuwa amejaza mabomu uvunguni wangemwacha kwa heshima zote.

Kisha baba akaugua kifua, na hakumaliza msimu wa mvua. Alizikwa mchana, wanaume wakaenda na jeneza, na mimi nikakaa na mama nikiwaza jambo ambalo mtoto mwema hangeliwaza: nani sasa atafungua mlango?

Shangazi yangu, dada yake baba, akaja kwa gari moshi kutoka Pwani na akabaki kutusimamia. Yeye ndiye aliyemkalisha mama eda. Wasiojua niwaambie kwa ufupi: mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku zake, hajipambi, hatoki bila dharura, na kwetu haonani na mwanamume wa nje wala hasemezani naye. Pazia likafungwa kati ya chumba cha mama na sebule. Shangazi alifanya hivyo kwa sababu ya dini, na alikuwa mtu wa dini kwelikweli. Lakini usiku ule alipomaliza kufunga pazia alimwambia mama, "Wifi, hii ni rehema. Miezi minne hakuna atakayekusikia." Kumbe naye alikuwa akihesabu kama sisi.

Na shangazi mwenyewe alikuwa mtu mzima mwenye masikio mazito. Hodi ikipigwa hakuisikia. Basi ikawa mimi.

Askari wa kwanza kuja alikuwa koplo, Mnubi, mtu mrefu mwenye alama za chale mashavuni. Nilisikia mkojo unataka kutoka, nikabana magoti, na ilipofunguka midomo yangu nilisikia inatoka sauti ya baba, mambo yake yote, mpaka kule kuvuta maneno.

"Karibu, baba. Babangu kafariki, na mamangu yumo edani. Hana ruhusa kuonana na wanaume."

Koplo akarudi nyuma hatua kama aliyekanyaga mkeka wa msikitini kwa viatu. "Iko eda? Basi, basi. Mimi pia Mwislamu. Inna lillahi." Akaweka mkono kifuani. Kabla hajaondoka akauliza kama tunapata kuni. Nikasema tunapata, alhamdulillahi. Alipopinda kona nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika.

Alikuja tena mara kadhaa, kila mara akisimama mbali na kizingiti, akimsalimia mama kupitia kwangu. "Sema mama yako, koplo nasalimia." Na mama nyuma ya pazia anatikisa kichwa, kana kwamba koplo angeona. Sura ya mama koplo hakuiona hata siku moja.

Nyuma ya pazia hilohilo shangazi aliendesha shule. Eda ingekwisha, mama angetoka, angekwenda sokoni na bombani, na mtu angemsikia. Kwa hiyo kila alasiri baada ya swala walikaa kwenye mkeka, magoti kwa magoti, shangazi akimtazama midomo na kumtegea sikio karibu.

"Lala."

"Rara."

"Si hivyo, wifi. Uweke ulimi juu, uache pumzi ipite pembeni. Lala."

"Rrala."

"Subhanallahi. Tena."

Mama alikuwa na mikono iliyofunga miganda ya ngano, mwanamke asiyejua kulia hovyo, na nilimwona akitokwa na jasho kwa ajili ya herufi. Shangazi hakuwa mkatili, alikuwa na haraka. Alimfundisha sabalkheri na masalkheri, alimfundisha kujibu kwa maneno machache, alimfundisha hata kukohoa kidogo badala ya kujibu. Nilikuwa nasikiliza kutoka sebuleni na kila mama alipokosea nilimchukia shangazi, kisha mama akikosea tena nikatamani shangazi akaze zaidi. Nilikuwa naota ulimi wa mama. Sisemi kwa mapambo. Nilikuwa naota kinywa chake kimefunguka mbele ya watu na hakuna wa kukifunga.

Na alikuwa akipata. Nataka hilo lijulikane. Kuelekea mwisho wa eda aliweza kusema sentensi nzima ikapita salama, ilimradi asiharakishwe. Siku moja alisema "Maji ya kuogea yamechemka, mwanangu, leta ndoo" bila doa lolote, na shangazi akapiga makofi kwa furaha. Mama mwenyewe hakufurahi. Alinitazama kama mtu aliyeazima nguo ya jirani na sasa anaogopa kuketi.

Eda ilikuwa haijakwisha walipokuja asubuhi ile. Hawakupiga hodi. Ilikuwa alfajiri, mlima Menengai bado mweusi, na kipaza sauti kikapita mitaani kikisema kila mtu atoke, mwanamume, mwanamke na mtoto, aende uwanjani. Shangazi alijaribu kumwambia askari wa kwanza kwamba kuna mjane ndani. Askari huyo hakuwa Mwislamu na hakuwa na wakati. Akalivuta pazia kwa ncha ya bunduki. Mama akajitupia buibui, tukatoka.

Uwanja ulijaa. Tulikalishwa kwenye nyasi kwa mistari, umande ukitupenya nguo. Mbele kuliwekwa meza, na nyuma ya meza kulikuwa na ofisa mzungu kijana, uso mwekundu kwa baridi. Kushoto kwake alisimama koplo wetu. Upande wa pili yalisimama malori, migongo wazi. Kila mtu aliitwa, akasimama mbele ya meza, akaambiwa aseme yeye ni nani, ametoka wapi, na mume wake yuko wapi. Wanawake hawakuwa na vipande, vile vitambulisho vya wanaume, vya kuonyesha. Walikuwa na midomo yao tu. Mzungu mwenyewe Kiswahili chake kilikuwa cha kuwaamrisha wapishi, hakuweza kutofautisha lahaja moja na nyingine. Aliyekuwa akisikiliza kwa niaba yake ni koplo. Koplo akitikisa kichwa, mtu anarudi kukaa. Akiinamisha kichwa, mtu anakwenda kwenye lori.

Mbele yetu kulikuwa na mwanamke wa mtaa wa pili, mke wa mchinjaji aliyekuwa safarini, naye amezaliwa kama mama na amesilimu kama mama. Alikuwa na watoto wawili. Aliulizwa, akajibu polepole, kwa uangalifu mkubwa, na nikasikia jinsi alivyojifunza, kila neno akiliweka chini kama sahani. Maneno ya kwanza yakapita. Mzungu akamharakisha. Mwanamke akababaika, na Kiswahili chake chote kikamporomoka hapo mbele ya meza. Koplo akainamisha kichwa. Mwanamke akaanza kuapa kwa Mungu kwamba yeye ni Mswahili, na kila kiapo kilimfunga zaidi. Wakampeleka kwenye lori, na watoto wake wawili pamoja naye, kwa kuwa walikuwa wake. Mdogo alikuwa bado ameshika kipande cha mkate.

Mama aliona. Nilikuwa nimemwegemea na nilisikia mwili wake ukitulia, kule kutetemeka kote kukaisha. Akiwa amechutama vilevile, akavua buibui kupitia kichwani, akaikunja, akampa shangazi. Akabaki na gauni la kufulia na leso kuukuu kiunoni. Shangazi akasema kwa sauti ya chini, "Wafanya nini, wifi?" Mama akanisukuma niketi upande wa pili wa shangazi. Shangazi akatazama lori, akamtazama mama, akaelewa kabla yangu. Akaikalia ile buibui.

Tuliitwa pamoja kwa kuwa tumetoka nyumba moja. Shangazi alisema kwanza, kwamba yeye ndiye mjane wa nyumba, na hakuna aliyemtilia shaka. Kisha mzungu akamwonyesha mama kwa kalamu.

"Na wewe nani?"

Mama alikuwa amejifunza. Sentensi alikuwa nazo. Nilizijua zote, nilizisema kimoyomoyo pamoja naye, niko tayari, weka ulimi juu, acha pumzi ipite. Mama akafungua kinywa na kutoka humo ikaja Njoro yote, nzito kuliko nilivyowahi kuisikia, nzito kuliko siku alizotaniwa na baba.

"Mimi ni wa kazi tu, mbwana. Nafua nguo, nareta maji. Huyu mutoto si wangu. Ni wa Waswahiri."

Mzungu akanigeukia. "Hii bibi ni mama yako?"

Mkono wa shangazi ulikuwa begani kwangu na vidole vyake viliingia nyamani. Mama hakunitazama. Alitazama miguu yangu, kama anavyotazama mtumishi, na nikajua kwamba nikisema ndiyo tutapanda wote kwenye lori lile, na kwamba yeye hataki jambo jingine lolote duniani isipokuwa nisipande.

"La, bwana," nikasema. "Huyu yuaja kutufulia nguo. Mamangu ni huyu."

Mzungu akatabasamu. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alitabasamu, akamwambia koplo, "Mtoto nasema Swahili mzuri sana!" Nilisifiwa. Nilisimama pale nikisifiwa kwa namna nilivyotamka.

Koplo alikuwa ananitazama. Alijua nyumba yetu ina mjane. Nilimwona akimtazama shangazi katika nguo zake za msiba, kisha mama na leso yake, kisha mimi. Sura ya mjane hakuwahi kuiona, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye adabu na hakuvuka kizingiti. Akasema, "Ni kweli, efendi. Mjane wa nyumba hiyo ni yule mkubwa." Kama aliamini au alituhurumia, mpaka leo sijui. Mtoto anayesema kama mimi kuzaliwa na mwanamke anayesema kama yule! Nadhani hata angeambiwa ukweli angeucheka. Akainamisha kichwa, na mama akaenda.

Wanawake waliokuwa kwenye lori walimsogezea nafasi. Injini ilipowashwa mama akaanza kusema nao, Kikikuyu, kwa sauti kubwa, haraka, uso ameuelekeza kwao. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Alikuwa mtu mwingine, mwenye maneno mengi, asiyetafuta pa kuweka ulimi. Alirudia jambo moja, mara ya pili na ya tatu, polepole zaidi. Mmoja wa wanawake akageuka akanitazama mimi, kisha akainamisha macho upesi. Hapo ndipo nilipojua kwamba maneno yale yalikuwa yangu. Lori likaondoka, nami sikulia, kwa sababu mtoto halilii lori lililomchukua dobi.

Nilirudi nyumbani nikiyarudia maneno yale moyoni. Sikuelewa hata moja, nilishika mlio tu, mwanzo mpaka mwisho. Sikuwa na wa kumwuliza. Kuuliza kungekuwa kusema mimi ni nani. Nikayasema kila siku chini ya shuka, nikiogopa mawili kwa pamoja: kusikika na kusahau. Mama hakurudi. Mtu wa reli alituletea habari baadaye kwamba aliugua homa katika kijiji kimoja cha rizavu, kile cha kuzungushiwa handaki, na akazikwa huko.

Miaka ya hamsini ilipokuwa inakwisha, wanawake wa Kikikuyu wakaanza kuonekana tena sokoni Nakuru, mmoja mmoja, na viazi na kabichi. Nilikuwa msichana mkubwa. Nilizunguka soko siku nyingi kabla sijathubutu. Nikamchagua mama mmoja mtu mzima, mwenye tundu kubwa masikioni na sura ya upole, nikangoja wateja waondoke, nikainama karibu yake na kumwambia maneno ya mama, yote, kama nilivyoyashika.

Akaniomba niseme tena. Nikasema. Akamwita mwenzake aliyekuwa na kapu la maharagwe, nikasema mara ya tatu, polepole zaidi. Walisikiliza wote wawili kwa bidii, vichwa wameviinamisha. Wakatazamana. Kisha yule wa viazi akanicheka, kwa wema, na akanishika mkono.

"Wee kasichana ka Waswahiri," akaniambia. "Hiyo si rugha yetu."